Msiiache meli ile ya mvuke

Makala yenu yamenirudisha Queenstown, New Zealand. Mimi na mume wangu tulifika kwa gari la kukodi lenye kitanda na jiko, tukitokea Kingston, kusini mwa Ziwa Wakatipu, alfajiri. Barabara imebanwa kati ya maji na milima ya Remarkables. Tulisimama mara tatu kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Wengi huenda kule kwa ajili ya kuruka, na wana haki. Daraja la Kawarau, mita 43 juu ya mto, ndipo biashara ya kuruka kwa kamba ya mpira ilipoanzia mwaka 1988. Mume wangu aliruka. Nilimsubiri ukingoni nikimwomba Mungu, na aliporudi nilimshika mikono, ilikuwa baridi kama maji ya mto.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Earnslaw, meli ya mwaka 1912 inayoendeshwa kwa makaa ya mawe. Abiria husimama juu ya chumba cha injini na kuwatazama wachochea moto wakipiga koleo. Zamani ilibeba hata kondoo na ng'ombe wa mashamba ya kando ya ziwa. Nilikaa pale mpaka uso ukapata joto.

Kwa anayepanga safari: usilale ndani ya gari popote upendapo, kuna sheria na faini. Tafuta kambi mapema. Sisi tuliipata nje ya mji, tukapika wali mlango ukiwa wazi, milima ikigeuka rangi ya waridi.