Damu inapopita njia ya panya: watoto wenye mchepuko kwenye ini

Daktari mpasuaji wa London, John Abernethy, alieleza mwaka 1793 kuhusu mtoto wa kike wa miezi 10 ambaye damu yake kutoka utumboni haikupita kwenye ini. Zaidi ya miaka 200 baadaye, hali hiyo inatibika, mara nyingi bila kupasua tumbo. Kikwazo kikubwa ni kumtambua mtoto mapema.

Tatizo ni nini?

Ini ni kama mizani ya barabarani. Damu yote inayotoka utumboni hupita hapo kwanza, ichujwe, ndipo iendelee kwenda kwenye moyo. Baadhi ya watoto huzaliwa na mshipa wa ziada unaounganisha njia hizo mbili. Damu hukwepa ini kama lori linalopita njia ya panya, nayo amonia na sumu nyingine huingia mwilini bila kukaguliwa.

Inakadiriwa kuwa hali hii humpata mtoto 1 kati ya 30,000. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kama uwiano ni huo huo, hao ni zaidi ya 60 kwa mwaka.

Kwa nini hawaonekani?

Dalili humpeleka kila mtoto kwenye mlango tofauti. Mmoja ana macho ya njano tangu uchanga. Mwingine anasinzia darasani na kusahau, akaitwa mvivu, kumbe amonia imefika kwenye ubongo. Wa tatu ana midomo ya bluu na anaishiwa pumzi, akapelekwa kliniki ya moyo au mapafu. Wengine hugunduliwa uvimbe kwenye ini. Bila mtu wa kuuliza kuhusu mishipa ya ini, kila mlango hutibu kipande chake.

Katheta inafanyaje kazi?

Mtoto hulazwa usingizi. Mrija mwembamba, yaani katheta, huingizwa kwenye mshipa wa shingoni au kwenye kinena, ukiongozwa kwa picha za eksirei hadi kwenye mchepuko. Kwanza hupulizwa puto dogo kuuziba kwa muda, huku madaktari wakipima shinikizo la damu inayolazimika kuingia kwenye ini. Shinikizo likivumilika, huachwa kizibo cha waya au koili za chuma. Likipanda mno, mishipa ya ini bado ni midogo: mchepuko hupunguzwa kwanza kwa upasuaji, mishipa ikue, kisha uzibwe baadaye. Kuupandikiza mwili ini jipya ni hatua ya mwisho.

Si kila mchepuko huzibwa mara moja. Midogo iliyo ndani ya ini huweza kujifunga yenyewe kabla ya umri wa miaka 2, kwa hiyo madaktari husubiri wakifuatilia. Iliyo nje ya ini ni nadra kujifunga.

Muda ndio suala

Baada ya kuziba, amonia hushuka, na upungufu wa oksijeni kwa kawaida huisha taratibu. Lakini shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu, likishakomaa, linaweza kubaki hata baada ya mchepuko kuzibwa. Kuchelewa kuna gharama isiyorudishika.

Hapa nchini, katheta si ngeni. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huitumia kutibu matundu ya moyo kwa watoto, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza mwaka 2019 kufundisha mabingwa wa tiba zinazoongozwa kwa picha. Kipimo cha kuanzia nacho ni ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, pamoja na kupima amonia.

Kwa maoni yetu, hatua ya kwanza si kununua mashine mpya. Ni kuwakumbusha wahudumu wa kliniki za watoto, moyo na mapafu kwamba ini linaweza kuwa chanzo. Mzazi ambaye mtoto wake ana dalili hizi bila sababu kujulikana ana haki ya kuuliza: mishipa ya ini imeangaliwa?