Alizeti na Nyuki wa Inyonga

Juma hili, wasomaji wetu, twende Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, mji ambao sifa ya asali yake huutangulia. Wengi wenu mna wazazi au ndugu katika vijiji vya huko, na kila masika hutakiwa kutuma fedha za mbegu na dawa. Za mbegu tumeni. Za dawa, ngojeni kidogo.

Alizeti asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliilima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wahispania waliifikisha Ulaya katika karne ya 16, na Warusi ndio walioikuza hasa kuwa zao la mafuta. Kwa Katavi ina sifa isiyotajwa sana: hukauka kwa jua tu. Tumbaku ya mvuke hudai kuni za bani, na kuni hizo hutoka katika miombo ileile inayowalisha nyuki.

Kile tukiitacho ua la alizeti ni mkusanyiko wa vijiua mamia kwa mamia. Vile vya njano vya pembeni havizai. Kazi yake ni kuwaita wadudu. Vya katikati hufunguka kidogo kidogo, kuanzia ukingoni kuelekea ndani, kwa muda wa juma moja hivi, na kila kimoja hutoa chavua kwanza, ndipo baadaye kipokee. Mchukuzi ni nyuki. Asipofika, mkulima huvuna mapepe, hasa akiwa amepanda mbegu za zamani. Za chotara hujitegemea zaidi, lakini nazo hufaidika. Ua lililokomaa huelekea mashariki, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba joto la asubuhi huwavuta nyuki wengi zaidi.

Basi anayepulizia dawa saa nne asubuhi, shamba likiwa limechanua, anawaua vibarua wake mwenyewe, na mizinga ya jirani inabaki mitupu. Hatuoni udhuru wa jambo hilo. Wadudu wadhibitiwe kabla ya kuchanua. Ikiwa hapana budi, apulizie jua likishazama, na mwenye mizinga apewe habari siku moja kabla.

Mengine ni mepesi. Mistari iachane sentimeta 75, mashimo sentimeta 30, mbegu mbili au tatu kila shimo, kisha ubakizwe mche mmoja wenye afya. Palizi ya mapema ni ya lazima. Shamba hilohilo lisirudiwe alizeti kwa miaka mitatu, maana magonjwa hukaa udongoni.

Mgongo wa kichwa ukigeuka njano na kuanza kuwa kahawia, vuneni upesi, kwani ndege hawangoji. Anikeni juani, pigeni kwa fimbo, pepeteni, na mbegu zikauke barabara kabla ya kutiwa magunia. Mashudu yanayobaki mashineni msiyaache huko. Kuku na ng'ombe huyapenda.