Utunzaji wa Mitambo ya Uchapaji ni Kazi ya Kisayansi

Mfuko wa unga, kasha la sabuni na pakiti ya dawa ya kunyunyizia mimea hupita mikononi mwa watu bila mtu kujiuliza jinsi maandishi yake yalivyochapwa. Vifungashio vingi vya namna hiyo huchapwa kwa njia iitwayo fleksografia. Maandishi yakiwa safi hayaangaliwi mara mbili; yakitapakaa, mtambo husemwa kuwa umezeeka. Mara nyingi mtambo husingiziwa. Kinachokosekana ni matunzo, na matunzo hayo ni elimu kamili, wala si kazi ya kufuta vumbi tu.

Fleksografia hufanana na muhuri wa mpira. Herufi na picha huinuka juu ya bamba laini la mpira au la plastiki lililozungushiwa silinda. Bamba hupakwa wino, kisha hugusishwa karatasi inayopita kwa kasi. Mwaka 1890 kampuni ya Bibby, Baron and Sons ya Liverpool, Uingereza, iliunda mtambo wa aina hiyo, lakini wino wake ulitapakaa kwa urahisi hata watu wakaubeza kuwa ni upumbavu wa Bibby. Tangu mwanzo, basi, mtihani mkubwa wa njia hii ulikuwa kuutawala wino.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na rola ya aniloksi, ambayo uso wake umechongwa vishimo visivyoonekana kwa macho matupu. Rola yenye mistari 160 ya vishimo kwa sentimita huwa na vishimo zaidi ya 25,000 katika sentimita moja ya mraba. Wembe mrefu hukwangua wino uliozidi, na kila kishimo hupeleka kwenye bamba kiasi kidogo kilichopimwa.

Wino ukikaukia humo, nafasi hupungua na rangi hufifia. Fundi asiyejua chanzo hukaza silinda ili bamba ligandamize zaidi. Bamba laini hubonyea, wino husukumwa kingoni, herufi hunenepa na matundu yake huziba. Kosa la kwanza lilikuwa uchafu. La pili ni tiba isiyolingana na ugonjwa. Mkulima anayesoma kipimo cha dawa kwenye pakiti hiyo, akaichukua 3 kuwa 8, ndiye atakayelipa gharama ya makosa hayo mawili.

Wino nao hubadilika. Ule unaoyeyushwa kwa spiriti hupoteza kiyeyusho chake kwa uvukizi, hasa penye joto, ukawa mzito kadiri saa zinavyopita. Fundi makini hakisii kwa jicho. Huchota wino kwa kikombe chenye tundu chini, akahesabu sekunde hadi mchirizi ukatike, kisha huandika hesabu hiyo daftarini. Hata brashi ya kusafishia ina kanuni yake: rola ya kromu husuguliwa kwa brashi ya shaba nyeupe, na ya kauri kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu. Shaba ikitumiwa juu ya kauri, chembe zake hubaki vishimoni na kuviziba.

Wako wasimamizi wasemao kwamba kusimamisha mtambo ili uoshwe ni kupoteza uzalishaji. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kila dakika ya kusimama ina bei yake. Lakini wino mbichi huondoka kwa muda mfupi, hali wino uliokauka hudai kemikali kali, na pengine rola kung'olewa kabisa. Karatasi iliyokwisha kuharibiwa nayo hairudi ghalani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chanzo cha udhaifu huu huanzia mbali na kiwanda. Shuleni mwanafunzi husifiwa kwa kubuni kitu kipya. Anayelinda kilichopo kisiharibike huonekana kama mtumishi tu. Heshima hiyo yafaa igawanywe upya. Mnato, uvukizi, na kanio linalogawanywa kwa eneo ni mada za fizikia zilizomo darasani, na zote hukutana ndani ya mtambo mmoja. Mwalimu aweza kutoboa kopo, kulijaza asali nyepesi, na kuwaachia wanafunzi wapime sekunde za kumiminika kwake, kwanza ikiwa baridi, halafu ikiwa na joto. Aweza pia kuwapa muhuri wa mpira waugandamize kwa nguvu mbalimbali, walinganishe unene wa herufi.

Kijana aliyefundishwa hivyo, siku atakapoona herufi zimenenepa, atatafuta chanzo kabla ya kushika spana. Taifa linaweza kununua mtambo kwa siku moja, lakini mazoea ya kupima, kuandika na kusafisha hayauzwi pamoja nao. Sharti yajengwe mapema, na mahali pa kuyajengea ni darasani.