Mjane Analia, Nyumba Imenyamaza

Na Bi Zuhura

Jumatano usiku niliizima runinga kwa hasira. Tamthilia yetu ya hapa hapa. Mume kafa jana, mkewe analia, na analia kwelikweli, yule binti ana kipaji. Lakini amekalishwa kwenye sofa jeupe lenye nailoni ya dukani, nailoni inayoniambia hakuna aliyewahi kuishi humo. Kuta tupu. Jamvi hakuna! Msiba gani wa pwani usio na jamvi? Kwetu mtu akifa, kaburi halijachimbwa vijana wameshatoa makochi uani na wanawake wameketi chini. Halafu huyo marehemu aliishi wapi, ikiwa msumarini hakuna kofia yake wala mlangoni kandambili zake, kisigino kimoja kimelika kuliko kingine?

Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Chumba kile kingetuonyesha siku zote hizo zikipita, bila mtu kufungua mdomo. Badala yake shoga yake anaingia na kututangazia kwamba mwenzetu ana huzuni.

Kijana wangu aliposikia ninavyolalama, akanifungulia gemu ya kompyuta ya mwaka 2017, What Remains of Edith Finch. Binti anarudi kwenye nyumba ya ukoo wake, Marekani. Jamaa zake wamekufa mmoja mmoja, na vyumba vyao vimebaki kama walivyoviacha. Mama yake alivifunga visiingiwe tena. Bibi mkuu, mama wa babu yake, akatoboa matundu milangoni ili watu wachungulie. Hebu utazameni mlango huo: mmoja anataka kusahau, mwingine amekataa. Ugomvi mzima wa wanawake wawili upo kwenye ubao, nami niliusoma bila kuambiwa.

Sisi tunakodi jumba la tajiri, mwenye nyumba anakataza hata msumari, na mpanga mandhari anaitwa asubuhi ya kushuti, hadithi hajaisoma. Watanijibu bajeti. Jamvi huazimwa kwa jirani, na kandambili kuukuu hazina bei.

Waandaaji, mpeni mpanga mandhari hadithi mapema, aisome hadi amjue marehemu alilala upande gani wa kitanda. Kisha mwacheni agongomee misumari yake. Na hiyo nailoni, ichaneni.