Pupa ya Mwalimu

KIBARAZANI, na Bi Tatu wa Mlimauni

Mlimau wangu umerudi gazetini. Wa barazani mnaujua: ndio ule uliotaka kunifikisha serikali ya mtaa kwa sababu matawi yake huruka ukuta kwenda kunywa chai kwa jirani. Safari hii mti hauna kosa. Mwenye kosa ana kalamu nyekundu, na leo simwachii.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka minne alinivuta kanga nikaone mavi ya ndege yanayotembea. Nikamwambia mavi hayatembei. Tukainama. Yakatembea. Kumbe ni kiwavi, kahawia, na baka jeupe mgongoni, kajifanya kinyesi ili ndege wasimtamani. Nimeishi na wakwepa madeni wa kila aina mjini hapa. Hakuna aliyewahi kubuni hilo.

Tukakata kitawi, tukakitia kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, mdomoni tukafunga kipande cha chandarua. Kila asubuhi kaka yake, wa darasa la pili, alibadilisha majani na kumwaga mavi, safari hii ya kweli. Kiwavi akavua ngozi, akavua tena, mpaka siku moja tukamkuta kijani kibichi, mnene kama kidole cha mtoto. Mdogo akamgusa. Kiwavi akachomoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, na harufu kali ikajaa sebule nzima. Babu yao, ambaye mnajua haamki kutoka nyuma ya gazeti mpaka asikie sahani, aliamka.

Kisha kiwavi akaacha kula. Akajishikiza kwenye kijiti, uzi mmoja umempita mgongoni, kama fundi wa umeme juu ya nguzo na mkanda wake. Vitabu vinaiita hatua hii pupa. Jina gani hilo! Kiumbe kimetulia siku 13, hakili, hakinywi, hakimsukumi mtu mlangoni mwa daladala, halafu kinaitwa pupa.

Siku ya 14, Jumamosi, kabla ya chai, ganda likapasuka. Akatoka amelowa, mabawa yamekunjamana kama kanga iliyokamuliwa sasa hivi. Akaning'inia, akayajaza maji ya mwili wake taratibu mpaka yakanyooka: meusi, yenye madoa ya njano. Wajukuu hawakupumua. Mimi chai ilipoa na sikuidai. Mdogo akauliza, "Bibi, anakumbuka alipokuwa mavi?" Sikuwa na jibu, na sikujitia nalo.

Jumanne likaja zoezi shuleni: chora hatua nne za maisha ya kipepeo. Mkubwa akachora alichokiona. Daftari likarudi na moja ya nne. Yai ndilo lililomwokoa. Viwavi wake wawili, wa kinyesi na wa pembe, walipigwa kosa moja refu, na pembeni maneno: "Kiwavi ana manyoya. Hana pembe, si mbuzi." Pupa kosa, kwa kuwa ya kitabuni inaning'inia kichwa chini na haina mkanda. Kipepeo kosa, kwa kuwa wa kitabuni ni wa rangi ya chungwa.

Nikavaa, nikatia lile ganda tupu kwenye kisanduku cha kiberiti, nikaenda. Mwalimu alinipa shikamoo nzuri, kiti nacho akanipa. Kisha akasema, "Bibi, mtihani hautungwi na mlimau wako." Nikafungua kiberiti. Hakutazama ndani. Alitazama saa.

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu, na konda akanisamehe nauli, akidhani nina msiba. Si uongo, msiba upo. Kule Gede, pwani ya Kenya, tangu 1993 wakazi wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi na kuuza pupa Ulaya. Hapa kwetu watu wa Amani, milima ya Usambara, walifanya biashara hiyo hiyo, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wazungu wanalipa kiingilio, na watoto wao mkononi, kuona ganda likipasuka. Wetu kaliona bure ndani ya ndoo ya rangi, akaadhibiwa kwa kuliona.

Ndiyo maana tunalea watu wanaoapa daraja ni zima kwa kuwa ripoti imesema ni zima, wakati miguu yao imo majini. Macho tumewafundisha kazi moja tu: kunakili ubaoni.

Na msiniandikie kwamba mwalimu ana watoto mia darasani. Najua. Madaftari mia hayasahihishwi kwa utulivu. Yanasahihishwa kwa namna ambayo Kiswahili kina jina lake. Sasa nimelielewa lile neno: mdudu kasingiziwa tu. Pupa niliikuta ofisini, imekaa kitini, inatazama saa.

Jana jioni mdogo alikuja mbio tena kutoka mlimauni. Kuna mavi mengine, yanatembea. Kaka yake hakuinua kichwa kwenye daftari.

"Achana nayo," akamwambia. "Hayamo kitabuni."