Sarafu ya Tabora si mzigo wa kumwachia kondakta

Kwa mfanyabiashara wa Rungwa, kutuma mzigo maana yake ni kusubiri gari. La kaskazini linakatiza pori hadi Itigi kwenye reli. La kusini linakwenda Makongolosi, Chunya na Mbeya. Gunia la karanga au dumu la asali huandikwa jina na namba ya simu, kondakta akalipwa, mpokeaji akangoja stendi. Utaratibu huo unafaa kwa mzigo mkubwa ambao bei yake kila mtu anaijua. Matatizo huanza pale kitu chenyewe kinapoenea kiganjani.

Mfano ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliitengeneza kwenye karakana ya reli ya Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, mkoa huu huu wa Singida. Ina picha ya tembo, nyuma yake milima. Zilitolewa kiasi cha 16,000 tu, ndiyo maana wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzitafuta. Uzito wake ni gramu 7.17, robo tatu ikiwa dhahabu safi. Sonara atakayeipima kwa kuyeyusha ataona dhahabu isiyofika gramu tano na nusu. Mkusanyaji hulipa zaidi ya hapo. (Hela 20 za Tabora za mwaka huo zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo mwenye nazo asianze kupiga hesabu ya bati.)

Ile tofauti kati ya bei ya sonara na bei ya mkusanyaji ndiyo iliyo hatarini njiani, kwa kuwa mzigo ukipotea fidia hufuata karatasi. Stakabadhi ya basi iliyoandikwa "bahasha 1" haithibitishi kwamba ndani mlikuwa na dhahabu. Hata kabla ya hapo, mtumaji aulize kama gari lina leseni ya TCRA ya kusafirisha vifurushi, maana leseni ya abiria ni kitu kingine.

Posta nayo ina masharti yake. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ambao Tanzania ni mwanachama, haziruhusu sarafu, noti, dhahabu wala vito ndani ya barua ya kawaida. Rejista ni afadhali kwa kuwa ina namba na saini, lakini watu wengi huidhani kuwa bima. Kwa barua ya rejista iliyopotea kati ya nchi na nchi, fidia iliyowekwa na kanuni hizo ni SDR 30, takriban dola 40 za Marekani. Kwa sarafu ya Tabora hiyo ni hasara tupu. Swali la kuuliza dirishani, iwe kwa EMS au kampuni binafsi, ni moja: kitu hiki kinapokelewa kwa thamani iliyotajwa, na kikipotea kitalipwa kiasi gani? Jibu lipatikane kwa maandishi. Kampuni nyingi za vifurushi hazipokei sarafu kabisa, na anayeificha kwa kuandika "kipuri" hupoteza haki ya kudai na kujitafutia kesi ya forodha.

Kabla ya kutuma nje, Idara ya Malikale iulizwe kuhusu kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia vitu vinavyolindwa kutoka bila ruhusa.

Sarafu isisuguliwe kwa majivu wala limau, kwani mng'aro mpya hushusha bei. Ipigwe picha pande zote, ipimwe, ibanwe kati ya makaratasi magumu isigongane. Kifurushi kipimwe mbele ya karani na uzito uandikwe kwenye stakabadhi, ili mpokeaji aupime tena kabla ya kufungua. Fedha zionekane benki kwanza. Picha ya muamala iliyotumwa kwa simu si malipo. Na kwa mtu wa Rungwa, nauli ya kwenda mwenyewe hadi Mbeya na kukabidhi dirishani ni ndogo kuliko hatari ya kuipitisha mikononi mwa makondakta wawili.