Kabla ya kununua kikaangio cha hewa, tafuta samaki

KIKAANGIO cha hewa, kile chombo cha umeme chenye droo kinachoivisha chakula kwa upepo wa moto badala ya mafuta mengi, si kitu cha jikoni kwa Wazungu peke yao tena. Kampuni ya Philips ilikiingiza sokoni mwaka 2010, na leo vikaangio vya kampuni mbalimbali vinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji mikubwa ya Tanzania. Mwenye mgahawa wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam kufuata bidhaa hukiona kimepangwa dukani, na muuzaji humwambia kwamba kitamwondolea gharama za mafuta na mkaa.

Moja ya mapishi yanayotumika sana kukitangaza ni minofu ya samaki aina ya samoni. Mnofu unapakwa chumvi, unawekwa kwenye droo, na baada ya dakika 10 uko mezani. Hakuna moshi wala mafuta ya kumwaga.

Swali la kujiuliza ni moja. Je, chombo hicho kitamletea faida mama lishe au mwenye mgahawa wa wilaya za Karagwe na Kyerwa? Jibu ni kwamba kinaweza kumfaa, lakini si kwa njia inayotangazwa. Kitakachoamua faida au hasara ni samaki anayeingia katika droo, na huyo ndiye ambaye wengi hawamfikirii hadi fedha zimeshatoka mfukoni.

Samoni si sato

Samoni ni samaki wa maji baridi, na Norway ndiyo inayoongoza duniani kwa kumfuga. Ni samaki mwenye mafuta mengi. Yule wa kufugwa huweza kuwa na zaidi ya gramu 10 za mafuta katika kila gramu 100 za nyama. Ndiyo maana anaiva vizuri kwenye upepo mkavu wa moto bila kuongezewa kitu, kwa sababu anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Sato hayuko hivyo. Mafuta yake ni kama gramu 2 tu katika gramu 100, na mnofu wake ni mwembamba. Akiwekwa katika droo kwa kufuata maelekezo ya samoni, anatoka mkavu na mgumu, na mteja aliyezoea sato wa kukaanga kwenye karai hatarudi mara ya pili.

Kuna kichekesho kichungu hapa. Tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara wa Ziwa Victoria imekuwa ikisafirishwa kutoka viwanda vya Mwanza, Bukoba na Musoma kwenda Ulaya, huku wengi wa wananchi wakibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya nyama kuondolewa. Sasa Ulaya inaturudishia chombo cha kupikia minofu, wakati minofu yenyewe ilishaondoka.

Umeme si tatizo kubwa

Wafanyabiashara wengi huogopa umeme kwanza. Woga huo unaeleweka, lakini hesabu hauungi mkono. Kikaangio cha kawaida hutumia wati 1,500 hivi. Kikiwaka dakika 15 mfululizo, kinakula chini kidogo ya nusu ya uniti, yaani uniti 0.375. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama shilingi 356, mzunguko mmoja hugharimu shilingi 134 hivi. Droo ikichukua vipande vinne, kila kipande kimeiva kwa umeme wa shilingi 34. Ni vigumu kupata mkaa wa kuivisha samaki kwa fedha hiyo.

Tatizo liko katika muda. Vipande vinne kwa kila dakika 15 ni vipande 16 kwa saa. Siku ya gulio, wateja 40 wakifika kwa pamoja saa saba mchana, wa mwisho atasubiri saa mbili na nusu. Hatasubiri. Atavuka barabara kwenda kwa mwenye karai, ambaye anakaanga samaki wengi kwa mkupuo mmoja.

Aidha, umeme wenyewe hukatika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera ilitegemea umeme kutoka Uganda, unaopitia Masaka hadi Kyaka. Mtambo wa megawati 14 uliojengwa katika Mto Kagera, kati ya Murongo upande wa Tanzania na Kikagati upande wa Uganda, ni hatua nzuri, lakini mgahawa wenye jiko la umeme pekee bado unacheza bahati nasibu. Wale wanaotumia sola ndogo za nyumbani wasijaribu kabisa. Sola ya kuwasha taa na kuchaji simu haiwezi kubeba wati 1,500.

Hesabu inayouma ni ya mnofu

Hapa ndipo wengi wataumia. Samaki akiondolewa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo, kinachobaki ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kwa sato, mnofu ni kama theluthi moja tu ya uzito wa samaki mzima. Maana yake ni kwamba ili kupata kilo moja ya minofu, zinahitajika kilo tatu za samaki.

Chukulia mfano kwamba sato mzima anapatikana kwa shilingi 10,000 kwa kilo. Kilo tatu ni shilingi 30,000, na kilo moja ya minofu inayopatikana inatoa vipande kama sita au saba vya gramu 150. Kila kipande kinakuwa kimegharimu shilingi 4,500 kabla ya chumvi, umeme, ndizi na mshahara wa mpishi. Samaki wale wale wakipikwa wazima, wa gramu 300 kila mmoja, wanagharimu kama shilingi 3,000 kwa sahani, na sahani inaonekana imejaa.

Bei ya samaki inabadilika, na kila mmoja aweke bei ya soko lake katika hesabu hiyo. Uwiano wa tatu kwa moja haubadiliki. Mama lishe anayeuza kwa wachuuzi wa gulioni na waendesha bodaboda hawezi kupandisha sahani kiasi hicho. Mteja wa Karagwe pia anataka kuona kichwa, na wapo wanaoamini kwamba samaki asiye na kichwa ana jambo la kuficha.

Anayeweza kuuza minofu ni mwenye nyumba ya wageni inayolaza watumishi wa Serikali, wanunuzi wa kahawa wakati wa msimu na watalii wanaopita kuelekea hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Huyo naye atapata faida ikiwa tu vichwa na mifupa vinageuzwa kuwa supu ya asubuhi. Akivitupa, amelipa kilo tatu na kuuza moja.

Apikwe mzima, apakwe mafuta

Kwa mwenye mgahawa wa kawaida aliyekwisha kununua kikaangio, au aliyeletewa na ndugu kutoka mjini, njia yenye faida ni kumpika sato mdogo akiwa mzima. Samaki wa gramu 250 hadi 300 anatosha katika droo ya kawaida. Aparwe magamba, atolewe matumbo, akatwe mikato mitatu kila upande, kisha akaushwe vizuri kwa kitambaa safi. Samaki mwenye maji haungui juu, anachemka tu.

Apakwe chumvi, ndimu, kitunguu saumu na kijiko kimoja cha mafuta ya kula pande zote. Kijiko hicho ndicho kinachochukua nafasi ya mafuta ambayo samoni anazaliwa nayo. Kikaangio kipashwe moto kwanza hadi nyuzi joto 200, kisha samaki aive kwa dakika 15 hadi 18, akigeuzwa mara moja katikati. Samaki wasirundikane, kwa kuwa upepo ukikosa njia, chombo hakifanyi kazi yake.

Kwa mnofu wa sato, dakika 7 hadi 9 zinatosha, na nao upakwe mafuta. Mnofu wa sangara ni mnene zaidi, hivyo unahitaji dakika 10 hadi 12. Kipimo cha kuaminika ni uma. Nyama ikiachana yenyewe na kuwa nyeupe hadi ndani, samaki ameiva.

Faida ya mafuta ni ya kweli. Tanzania bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Indonesia ikazuia kwa muda kuuza mawese nje, mama lishe wengi walionja bei zilivyopanda. Wengine hukimbilia kutumia mafuta yale yale siku tatu mfululizo hadi yanakuwa meusi, jambo lisilo zuri kwa afya ya mlaji.

Samaki atoke wapi?

Samaki wengi wa Ziwa Victoria wanaouzwa Kayanga husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Bukoba kupitia Kyaka. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene imefupisha safari hiyo, lakini anayekwenda Nkwenda au Murongo bado ana mwendo mwingine mbele yake. Samaki asiyewekwa katika barafu ya kutosha, yaani kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, anafika amelegea na macho yameingia ndani. Hakuna chombo cha umeme kinachoweza kumfufua.

Hapo ndipo mkulima anapoingia. Karagwe na Kyerwa zina mabonde yenye maji, na bwawa la samaki lililo karibu na mgahawa lina thamani kuliko jiko lolote. Hata hivyo, ukweli usemwe. Sehemu kubwa ya wilaya hizi iko juu na hali yake ni ya ubaridi, wakati sato hukua vizuri katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, anakula kidogo na kukua polepole. Mfugaji asiahidiwe kwamba atavuna baada ya miezi sita kama wenzake wa maeneo ya joto.

Kwa bahati nzuri, kinachotakiwa na kikaangio si samaki mkubwa. Sato wa gramu 250 ndiye anayetosha katika droo, na huyo anaweza kufikiwa hata katika maji ya ubaridi ikiwa mfugaji atapanda vifaranga dume watupu, wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, na kuwalisha kila siku. Kambale naye ni chaguo la kuzingatia kwa kuwa anavumilia maji machafu na yenye hewa kidogo. Kabla ya kuchimba, mkulima amwone ofisa uvuvi wa wilaya, na akumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa.

Kinachokosekana ni makubaliano kati ya pande mbili. Mfugaji huvuna bwawa zima siku moja, akauza kwa bei ya kutupa kwa kuogopa samaki kuoza. Mwenye mgahawa naye anahitaji samaki 10 kila siku na hawapati. Wakikubaliana kwamba bwawa livuliwe kidogo kidogo kwa oda, samaki akitoka majini asubuhi na kuliwa mchana, hakuna anayehitaji barafu wala lori la kutoka Bukoba.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wauzaji wa vyombo vya umeme watalitumia lengo hilo kuuza, na mikopo ya kununulia itatolewa. Si vibaya. Lakini wahenga walionya kwamba usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mfanyabiashara aanze kwa kuandika jina la mfugaji atakayemletea samaki, idadi ya samaki kwa siku na bei waliyokubaliana. Karatasi hiyo ikikamilika, aende kununua kikaangio, na karai lake asiliuze.